Maji ya misioni, maji ya nani?

Leo tutazungumza juu ya maji, na hasa maji yanayoletwa na kanisa.

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Katika kijiji kimoja cha milimani, upande wa Kivu ya Kusini, kanisa moja la mjini lilituma kikundi cha waamini wake: fundi mwashi, vijana wapatao kumi, na wamama wawili wa kupika. Walikaa siku tisa. Walibeba simenti kichwani kutoka barabarani, wakachimba, wakajenga, wakaimba. Siku ya mwisho maji safi yakatoka kwenye bomba, na wamama wakapiga vigelegele. Kikundi kikapanda gari, kikarudi mjini.

Baada ya miezi miwili nilipita pale. Bomba lilikuwa limevunjwa kwa jiwe. Wamama walikuwa wamerudi kuteka mtoni, na watoto walikuwa wanahara. Usiku mmoja vijana wa kijiji na vijana wa familia zilizokimbia vita walikutana pale kwenye chemchemi, mapanga mikononi. Mzee mmoja alisikia kelele, akatoka na taa, akasimama katikati yao. Bila yeye, leo tungekuwa tunahesabu makaburi.

Niliuliza kila upande: kosa lilianzia wapi? Watu wa makanisa mengine, pamoja na Waislamu wa pale, waliniambia: ufunguo wa lupango uliachwa kwa kiongozi wa kanisa lile, kwa hiyo maji ni yao. Familia zilizokimbia vita zilisema: tunaambiwa tungoje wenyeji wamalize, na zamu yetu inafika giza likiingia. Mwenye shamba lililo chini ya chemchemi alisema: mfereji wangu wa kumwagilia mboga ulifungwa, wala sikuulizwa hata neno moja.

Mnaona, ndugu zangu? Kikundi kile kilikuja kwa moyo mwema, na ujenzi wao ulikuwa mzuri. Lakini kilipatana na waamini wenzao tu. Bomba lilijengwa kabla ya mapatano.

Tusidhani ni jambo dogo. Wengi wenu mnakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu. Pale penye mawe ya volkano, kuchimba choo au kisima kulikuwa kazi ngumu, na watu wakanywa maji ya ziwa jinsi yalivyo. Katika muda wa mwezi mmoja tu, watu karibu 50 000 walikufa, wengi kwa kolera na kuhara damu. Kolera haiulizi nani mwenyeji na nani mkimbizi. Ukimfukuza jirani kwenye maji safi, atakunywa machafu, naye akiugua, ugonjwa utafika hata kwa watoto wako.

Sasa, sheria inasema maji ni ya nani? Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 9, inasema kwamba Serikali ndiyo yenye mamlaka ya kudumu juu ya ardhi, misitu na maji. Kifungu cha 48 kinahakikisha haki ya kupata maji ya kunywa. Tena iko sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu maji. Maana yake ni hii: kanisa linaweza kujenga, shirika linaweza kutoa bomba, lakini anayejenga hawi mwenye maji.

Na familia zilizokimbia vita? Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye katika nchi hii haki ya kutembea na kukaa anapotaka, kwa kufuata sheria. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi yao zinataja chakula na maji ya kunywa kuwa vitu ambavyo hawapaswi kunyimwa.

Lakini tusimsahau mwenye shamba. Kifungu cha 34 kinalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Maji si yake peke yake, ila shamba lake lina haki. Haifai kumpita kama mtu apitaye kando ya mti. Aitwe, asikilizwe, na kile anachopoteza kitafutiwe fidia.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana asiyejua kazi hawezi kuisimamia. Kulinda chemchemi ni hivi: mnachimba mpaka mfikie jicho lenyewe, pale maji yanapotoka ardhini. Mnaweka mawe na changarawe safi, mnajenga ukuta, mnapitisha bomba, mnafunika juu kwa udongo wa mfinyanzi ili maji ya mvua yasiingie. Bomba lisiwekwe juu kuliko jicho, kwa sababu maji yakizuiwa yatatafuta njia nyingine na chemchemi itawakimbia. Upande wa mlimani mnachimba mfereji wa kugeuza maji ya mvua. Vyoo na mifugo visiwe juu ya chemchemi, na choo kiwe mbali angalau metre 30.

Kisha fanyeni hesabu, tena wakati wa kiangazi. Chukueni bidoni ya litre 20, mtazame saa. Pale kijijini ilijaa kwa sekunde 80. Hiyo ni bidoni 45 kwa saa, yaani litre 900. Kwa saa 12 za mchana ni litre 10 800. Kipimo kinachotumika wakati wa maafa ni angalau litre 15 kwa mtu kwa siku. Basi maji hayo yanatosha watu 720. Lakini wenyeji na waliokimbia vita, pamoja, walikuwa karibu 900! Kumbe ugomvi wao ulikuwa na mzizi wa kweli. Hata hivyo, maji yanatoka usiku pia, nayo yalikuwa yanamwagika bure. Mkiyaweka katika tangi, mnapata litre 21 600 kwa siku, nazo zinatosha watu 1 440. Walichopungukiwa ni tangi.

Kwa hiyo, machefu na wachungaji, kanisa likiwaambia kwamba linakuja kuleta maji, shukuruni. Lakini kabla ya mfuko wa kwanza wa simenti, ombeni mkutano. Waitwe makanisa yote na Waislamu, mwenye shamba, wamama wanaoteka, na wajumbe wa waliokimbia vita. Andikeni karatasi moja, wote watie sahihi au alama ya kidole, na nakala ibaki kwa chefu. Karatasi iseme mambo haya:

Kwanza, maji ni ya wote, bila kutazama kabila wala dini.
Pili, nani wako katika komite. Wamama wawemo, na si wa kupamba kiti, maana ndio wanaoijua foleni.
Tatu, saa za kuteka, ili binti asirudi gizani.
Nne, kila nyumba itatoa nini kwa matengenezo, nani anatunza pesa, na lini hesabu inasomwa mbele ya watu. Asiye na pesa atoe mikono.
Tano, mwenye shamba anapata nini.
Sita, ugomvi ukitokea unapelekwa kwa nani kabla ya mtu kushika panga.

Mtauliza, kijiji kile kiliishia wapi? Ilichukua mikutano mitatu, na wa kwanza ulivunjika kwa matusi. Kanisa la mjini lilirudi, nalo likaomba msamaha mbele ya watu wote. Safari hii wenyeji na waliokimbia vita walibeba mawe pamoja, wakajenga tangi. Maji yanayozidi yanashuka kwa mfereji hadi shamba la mboga. Lango linafunguliwa asubuhi na wamama wawili, mmoja wa kijiji, mmoja wa waliokimbia. Makelele ya foleni bado yapo, sitawadanganya. Lakini panga zimebaki shambani.

Jioni hii, baada ya kipindi, ulizaneni hapo mlipo: chemchemi yetu ina karatasi? Kama haina, chefu aite watu wakati kungali na utulivu.