Kukausha Nyama: Tujifunze kwa Matobolwa

Sisi tukaao ukingoni mwa Ziwa Victoria tumezoea vyakula vikavu. Mama zetu wa Usukuma hukata viazi vitamu vibichi na kuvianika, navyo huitwa michembe. Au huvichemsha kwanza, ndipo wakavikata na kuvianika, navyo huitwa matobolwa. Wavuvi huanika dagaa. Na mtu apitaye soko la Mwaloni, pale Kirumba, huona kayabo, yaani sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, akipakiwa kupelekwa mpaka Kongo. Lakini nyama huharibika upesi kuliko viazi, na wengi wetu hatujui kuikausha vizuri. Mimi nilikuwa mmoja wao, na hasara yake niliiona kwa macho yangu.

Likizo ya Desemba mwaka jana ndama wetu mkubwa alivunjika mguu korongoni, na baba akaamua achinjwe. Nyumbani hatuna friji. Nyama nyingine tuliuza, nyingine tukala na jirani, na kilo 12 nikakabidhiwa mimi nizikaushe. Nilikata minofu minene kama kifundo cha mkono, nikaipaka chumvi kidogo, nikaitundika kwenye kamba. Siku ya pili ikanyesha mvua. Siku ya nne nyama ilikuwa ngumu kama ngozi ya ngoma, nami nikafurahi sana. Lakini bibi alipoipasua kwa kisu, ndani ilikuwa imeoza. Tuliizika yote. Bibi hakunigombeza, alisema tu, “Mjukuu wangu, umefanya michembe. Ungefanya matobolwa.” Nimelifikiri neno hilo muhula mzima, na haya ndiyo niliyojifunza.

Nyama mbichi isiyo na mafuta, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji. Bakteria, wale vidudu wasioonekana kwa macho, huishi kwa maji hayo na kuzaana upesi mno katika joto letu. Kukausha basi ni mashindano: je, maji yatatoka kwanza, au vidudu vitaenea kwanza? Mnofu mnene hushindwa, kwa sababu nje hukauka na kuwa ganda gumu, na ganda hilo huyafungia maji ndani. Chumvi hutusaidia, maana huyavuta maji na kuwanyima vidudu. Lakini yako jambo ambalo wengi hawalijui: kukauka hakuwaui vidudu wote. Wengine hulala tu, wakingoja maji. Moto ndio uwauao, na kwa nyama ya ng'ombe, mbuzi au kondoo wataalamu hutaka ipate joto la nyuzi 71 za Selsiasi kabla ya kukaushwa. Kwa kuku, nyuzi 74. Hapa Mwanza, kwa kuwa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Hata hivyo zatosha kabisa. Hiyo ndiyo siri ya matobolwa: chemsha kwanza, kisha anika.

Sasa tutazame kazi yenyewe.

Kwanza, chagua mnofu usio na mafuta, kama wa paja. Ondoa mafuta yote, kwa maana mafuta hayakauki, nayo huchacha na kuipa nyama ladha mbaya. Nawa mikono, osha kisu na ubao kwa sabuni.

Pili, kata vipande virefu vyenye unene wa nusu sentimita, usizidi. Ukifuata nyuzi za nyama, kipande hakitakatika kambani.

Tatu, chemsha lita 1 ya maji pamoja na vijiko vikubwa 3 vya chumvi. Ukipenda, tia kitunguu saumu, tangawizi au pilipili. Tumbukiza vipande vichache vichache. Maji yakianza kuchemka tena, hesabu dakika 5, kisha viopoe na kuvichuja.

Nne, anika papo hapo, asubuhi na mapema, siku ya jua na upepo. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri kwetu; wakati wa mvua usijaribu, ila kama una moto wa kukaushia. Usianike chini. Dagaa waanikwao mchangani huokota mchanga na uchafu, lakini wale wa juu ya kichanja hubaki safi, kwa kuwa upepo hupita juu na chini yao. Nyama nayo ni vivyo hivyo. Vipande visigusane, na ufunike kwa chandarua kisichotiwa dawa, inzi wasije wakataga mayai. Jioni ingiza ndani, kwa sababu umande huirudishia nyama maji.

Tano, jaribu. Kipande kilichopoa ukikikunja, kipasuke bila kutoa unyevu. Mizani haidanganyi: kilo 1 ya nyama mbichi yapasa kubaki theluthi moja au pungufu. Weka katika chupa au kopo kavu lenye kifuniko. Ukiona matone ya maji ndani ya chupa, nyama haijakauka. Ianike tena siku ile ile. Ukiona kuvu, tupa yote. Iliyo nzuri tumia kabla ya mwezi kwisha.

Watu wengi wa dunia wanayo nyama yao kavu. Wamarekani huiita jerky, neno litokalo katika lugha ya Kiquechua ya milima ya Andes. Watu wa Afrika Kusini wana biltong. Jirani zetu Wasomali na Waborana wa kaskazini ya Kenya hufanya nyirinyiri: hukata nyama vipande vidogo, huikaanga mpaka ikauke, kisha huihifadhi ndani ya mafuta. Nao pia huitumia njia ya moto.

Wengine watauliza habari ya nyama ya pori, kwa kuwa Serengeti si mbali nasi. Ni kweli kwamba nyama ya swala haina mafuta mengi, hivyo hukauka vizuri. Lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila kibali, na nyama kavu iuzwayo gizani hatujui ilitoka kwa mnyama gani, wala alikufaje. Atakaye na ainunue mahali penye kibali, na adai stakabadhi.

Tena, mnyama aliyekutwa amekufa, wa pori au wa nyumbani, asiguswe wala asipasuliwe. Huenda ni kimeta. Vijidudu vya kimeta hujifunika ganda lisiloogopa ukavu wala chumvi, na hata kuchemsha kwa muda mfupi hakuviui. Mwite afisa mifugo.

Siku ya kula, loweka nyama katika maji safi kwa saa chache, yamwage, kisha chemsha mpaka ilainike. Ukiiunga kwa karanga zilizotwangwa na kuila kwa ugali wa mtama, hutatamani kitoweo kingine.

Likizo ya Juni nilikausha kilo 2 tu, nilizonunua buchani, nikapata gramu 600 hivi. Bibi alikivunja kipande kimoja, akakinusa, akakirudisha chupani bila kusema neno. Baba sasa ameniahidi kwamba tukichinja tena wakati wa kiangazi, fungu la kukausha litakuwa langu. Wenzangu, jaribuni na ninyi kwa kilo moja kwanza. Nanyi wazazi wetu, mtukabidhi kisu, lakini mtusimamie.