Klorokini: uchungu haukuwa dawa

Maswali ya wasomaji wa Kaniama yanazunguka palepale: kwa nini kituo cha afya hakitoi tena nivakini, ile klorokini chungu iliyowaponya wazee wetu? Si uchungu ndio ulioua malaria?

Hapana. Aliyeiunda klorokini, mkemia Hans Andersag, mzaliwa wa Lana, Tirol Kusini (1902), alikuwa kwenye maabara za Bayer, Elberfeld, Ujerumani. Alichukua mkia wa molekuli ya atebrini, dawa iliyogeuza ngozi kuwa manjano, akaupachika kwenye pete ya kwinolini, iliyomo pia katika kwinini. Hiyo ilikuwa 1934. Wakubwa wakaamua ina sumu mno, wakaiweka kando. Mwaka 1943, vidonge vya sontokini, ndugu yake wa karibu, viliangukia mikononi mwa Wafaransa huko Tunis na kuwafikia Wamarekani. Uchunguzi wao ukaifufua klorokini. Andersag alifariki 1955, dawa yake ikimezwa sehemu nyingi za dunia.

Utamu wa habari uko hapa. Kimelea cha malaria hula hemoglobini na kubakiwa na hemu, ambayo ni sumu kwake. Hujiokoa kwa kuigandisha iwe fuwele, zile punje za kahawia ambazo mpimaji huziona kwenye darubini. Kazi hiyo hufanyika katika kifuko chenye asidi. Klorokini huingia humo bila chaji. Asidi huipa chaji, na yenye chaji haipenyi utando kutoka. Inanaswa, inarundikana, inaishika hemu, fuwele hazikui. Kimelea kinauawa na mlo wake.

Kisha kimelea kikabadilika. Mwaka 2000 watafiti waliitambua protini ya PfCRT kwenye utando wa kifuko hicho: asidi amino ya 76 ikibadilika kutoka lisini kuwa threonini, mlango unafunguka na dawa inatolewa nje. Uchungu haukupungua hata chembe. Kilichokwisha ni nguvu. Na ule muwasho wa mwili baada ya kumeza klorokini haukuwa "damu chafu ikitoka". Ni athari ya dawa, basi.

Kongo iliiacha klorokini 2001. Tangu 2005 tunatumia dawa mseto zenye artemisinini. Kwa hiyo anayekuchemshia majani sokoni na kukuapia kwamba kichungu ndicho kinachoponya, anakuuzia uchungu mtupu, na bei anapanga yeye.

Homa ikianza, pima siku hiyohiyo. Maliza dozi hata ukijisikia mzima. Lala ndani ya chandarua. Mtoto akishikwa na degedege, mbio hospitali. Mganga hana la kumfanyia.