Mzigo Wako Umelala Wapi?

Ni mama gani ambaye hajawahi kwenda posta au stendi kuulizia mzigo akarudi mikono mitupu? Unapanga foleni, unafika kaunta, unaambiwa, "Haujafika, mama, jaribu kesho kutwa." Ukirudi kesho kutwa unamkuta karani mwingine, naye anakuambia, "Mbona ulikuwepo? Hukuja kuuchukua." Nauli imekwisha, chakula cha mchana hakijapikwa, na mzigo bado hujauona.

Tukiulizwa, wengi wetu tutajibu kwamba mzigo umepotea njiani. Lakini ukifuatilia habari za mizigo inayosemwa imepotea, utashangaa ni mingapi ilifika salama katika mji uliotakiwa. Ilivuka bahari, ikapita forodhani, ikapanda lori, kisha ikalala chini ya meza mahali ambapo mwenyewe angeweza kufika kwa miguu. Kilichokosekana ni hatua ile ya mwisho, ya kumwambia mwenye mzigo, "Njoo, kitu chako kipo." Hapo ndipo watu hukata kona.

Kikaratasi kidogo, kazi kubwa

Katika Tanzania na Kenya wengi wetu tumezoea barua kwenda katika sanduku la posta, si mlangoni kwa mtu. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa Posta na Simu ya Afrika Mashariki, na ndivyo ilivyoendelea baada ya shirika hilo kuvunjika mwaka 1977. Hata Shirika la Posta Tanzania lilipoanza kusimama peke yake mwaka 1994, sanduku lilibaki kuwa ndiyo anwani ya familia.

Kifurushi hakiingii katika sanduku. Kinachoingia ni kikaratasi cha taarifa, kwamba kuna kitu chako kaunta, uje na kitambulisho. Kikaratasi hicho kisipoandikwa, au kikaandikwa kisikufikie, ni kama kifurushi hakijaja. Kinakaa siku zake, ada ya kukitunza inaongezeka, na mwisho kinarudishwa kwa aliyekituma.

Sasa fikiri, mama mwenzangu, kikaratasi hicho kinapita mikono mingapi. Familia nyingi hazina sanduku lao. Wanatumia la shule, la usharika au parokia, la duka la jirani, au la ofisini kwa baba. Mlinzi anafungua sanduku, anamkabidhi mwalimu, mwalimu anaweka katika droo ili akikutana nawe akupe. Au baba watoto anakitia katika mfuko wa suruali akisema atakwambia jioni. Ni akina mama wangapi wamekikuta kikaratasi cha posta katika beseni la kufulia, kimelowa hata namba haisomeki?

Dada mmoja ninayemfahamu alitumiwa nguo za mtoto mchanga na ndugu yake aliyeko Ujerumani. Kikaratasi kilikaa katika ofisi ya shule ambayo sanduku lake alikuwa akilitumia, chini ya rundo la barua za mitihani. Kilipoonekana, kifurushi kilikwisha kurudishwa. Yule ndugu akakituma upya, akalipa mara ya pili. Nguo zilipofika, mtoto alikuwa anatembea. Mama yake alizikunja akaziweka kwa ajili ya mtoto wa jirani. Uchungu wake haukuwa wa nguo tu. Kwa miezi ile yote ndugu yake alidhani amepokea zawadi akashindwa hata kusema asante.

"Utapigiwa simu"

Kwa sababu ya usumbufu huo, wengi tumehamia kwenye mabasi. Unakwenda stendi asubuhi, unampa kondakta boksi, na jioni liko mkoa mwingine. Ni njia ya haraka na imewasaidia wengi. Lakini nayo ina kona zake, na kubwa kuliko zote ni neno hili: "Utapigiwa simu."

Mama mmoja wa Morogoro ana kijana aliyekuwa kidato cha nne katika shule ya bweni huko Iringa. Mwezi Oktoba, wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa, miwani ya kijana ilivunjika. Asipokuwa na miwani haoni maandishi ya ubaoni, na akisoma kitabu muda mrefu kichwa kinamuuma. Mama yake alikopa fedha, akatengenezesha miwani mingine kwa vipimo vilevile, akaipeleka stendi. Kondakta aliandika jina la kijana na namba ya simu ya mwalimu juu ya boksi kwa kalamu ya wino. Mama alipoomba risiti aliambiwa mzigo mdogo hauna haja ya risiti.

Boksi lilifika Iringa siku ileile. Mtu wa ofisi ya mizigo akapiga simu mara moja, wakati mwalimu yuko darasani na simu imezimwa. Hakupiga tena, wala hakuandika popote kwamba alipiga. Alisukuma boksi chini ya meza, zamu yake ikaisha. Mama alipopiga kuulizia, yule wa zamu ya pili alitafuta kwa jina la mwalimu akajibu, "Hakuna mzigo wa jina hilo." Siku ya tatu akaambiwa labda umeshushwa njiani, siku ya tano hawakupokea simu yake.

Siku ya kumi na moja mwalimu alipata nafasi ya kwenda mjini. Alisimama pale ofisini akaomba waangalie chini ya meza. Boksi lilikuwa hapo, limefunikwa na magunia. Aliyekuwa zamu akasema, "Tulikupigia, hukupatikana." Kijana alipata miwani siku tano kabla ya mtihani. Siku zote zile alikuwa akisomewa na wenzake usiku bwenini, na mama yake hakuwa na usingizi.

Mtu anapiga mara moja, au hapigi kabisa, na kuanzia hapo kosa linakuwa lako. Hata ndugu zetu walio Uingereza, ambako mtu wa posta hufika mpaka mlangoni, wanalalamika jambo hilohilo. Anadumbukiza kadi kwamba hakukuta mtu, na kumbe mama alikuwa jikoni na hakusikia mlango ukigongwa.

Nini kinawafanya wakate kona?

Tusiwalaumu bila kufikiri. Karani wa kaunta anaweza kuwa peke yake akihudumia barua, malipo na vifurushi. Kijana wa bodaboda hulipwa kwa safari, na kusubiri mlangoni dakika kumi ni kupoteza safari nyingine. Mtu wa stendi anapokea maboksi mengi kwa mkupuo, mengine yameandikwa jina moja tu, "Mama Juma", na namba ya simu isiyosomeka. Kusema "hayupo" au "haujafika" ni rahisi kuliko kutafuta.

Kuwaelewa si kuwaruhusu. Umelipia hatua zote za safari, na ile ya mwisho ni haki yako kama zile za mwanzo. Yako mambo ambayo mama anaweza kuyafanya ili kona hizo zisikatike kirahisi.

Mama ajilinde vipi?

1. Usiondoke bila risiti. Hata kama mzigo ni mdogo, dai karatasi yenye tarehe, namba ya mzigo, jina la mpokeaji na jina la aliyeupokea. Wakikataa kukupa, tafuta basi jingine. Huko Tanzania, mwenye kufanya biashara ya kusafirisha vifurushi anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwa hiyo kudai karatasi si ukorofi.

2. Ijue namba ya posta. Kifurushi cha kimataifa kinachofuatiliwa kina namba ya herufi 2, tarakimu 9, kisha herufi 2 za nchi kilikotoka. Kikitoka Tanzania huishia na TZ, Kenya KE, Ujerumani DE. Herufi za mwanzo nazo zina maana: R ni rejista, C ni kifurushi, E ni EMS, yaani huduma ya haraka. Mwombe aliyekutumia akupe namba hiyo siku ileile, uiandike katika daftari. Ukiwa na namba, karani hawezi kukujibu kwa kukisia. Kitu kilichotumwa kama barua ya kawaida hakina namba hiyo, na kikipotea ni vigumu sana kudai chochote.

3. Andika anwani kamili. Andika jina kama lilivyo katika kitambulisho, si jina la nyumbani. Weka namba mbili za simu, ya mpokeaji na ya mtu mwingine aliye karibu naye. Katika Tanzania, tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba, na kila kata ina postikodi yake ya tarakimu 5. Ijue ya kwako na uwafundishe watoto. Kule Kenya, postikodi huandikwa pamoja na namba ya sanduku, kama 00100 kwa Nairobi au 80100 kwa Mombasa.

4. Weka karatasi ya pili ndani. Kabla ya kufunga boksi, tia ndani karatasi yenye majina na simu za pande zote mbili. Maandishi ya nje yakilowa au yakibanduka, atakayelifungua atajua ni la nani. Fedha taslimu usiweke kabisa.

5. Mpe taarifa anayepokea. Usingoje ofisi impigie. Wewe mwenyewe mwambie jina la basi, saa ya kufika, na jina lililoandikwa juu ya boksi. Kama mpokeaji ni mwanafunzi asiyeruhusiwa kuwa na simu, kubaliana na mwalimu ni saa ngapi anapatikana, na saa hiyo uiandike juu ya boksi.

6. Kama mnatumia sanduku la watu wengi, wekeni daftari. Anayefungua aandike tarehe na kilichomo, anayechukua atie sahihi. Daftari la shilingi chache lingemwokoa yule dada na nguo zake.

Ukilalamika, lalamika vizuri

Akina mama wengi hunyamaza. Tunasema, "Shauri ya Mungu," tunaendelea na kazi. Wengine hufoka pale kaunta, wanarudi nyumbani na kichwa kinachouma, na mzigo umebaki palepale. Njia hizi mbili zinamfaa sana aliyekata kona, kwa sababu hakuna kilichoandikwa.

Nenda kwa upole, lakini nenda na karatasi. Mwulize karani jina lake, andika tarehe na saa, andika alichokujibu. Omba kuonana na mkuu wa ofisi, umpe malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala. Usipojibiwa, peleka nakala hiyo kwa mamlaka inayosimamia. Tanzania ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Watakuuliza kwanza kama ulianza na waliokuhudumia, ndiyo maana nakala ile ni muhimu.

Usichelewe pia. Chini ya kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ambao ulianzishwa mwaka 1874 huko Bern, Uswisi, ulizo la kifurushi cha kimataifa hupokelewa ndani ya miezi 6 kuanzia siku inayofuata ile kilipotumwa. Na kwa kawaida fidia ya kilichopotea hulipwa mtumaji, si mpokeaji. Kwa hiyo mwandikie mapema ndugu yako aliyekutumia, naye aanze kuulizia kwenye posta ya kwake akiwa na risiti yake.

Na nyumbani kwetu?

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wenyewe. Mtoto aliyetumwa kwa jirani na bakuli la maharage, akamkosa, akaliacha dirishani bila kumwambia mtu, anajifunza kazi ileile ya mtu wa stendi. Ukimpa ujumbe, mzoeze kurudi na jibu: "Nimempa mwenyewe," au "Hakuwepo, nimemwachia bibi." Barua ya jirani ikija katika sanduku lenu, ipelekeni siku hiyohiyo. Na kwa baba watoto, zungumzeni kwa upole mpate mahali pamoja pa kuweka vikaratasi vya posta, kabla suruali haijaingia katika beseni.

Mama wa Morogoro bado hutumia basi, kwa kuwa hana njia nyingine ya haraka. Lakini sasa humpigia mwalimu kabla basi halijaondoka, na hasogei pale stendi mpaka apewe risiti. Makondakta wamekwisha kumzoea. Wakimwona anakuja na boksi, mmoja huanza kutafuta kitabu cha risiti.