Reiner Braun: juu ya nini askari kijana anaishi kama watu wawili

Vijana wanaofuata katuni za Wajapani wanamjua vizuri Eren, kijana wa mbele katika "L'Attaque des Titans". Lakini mtu anayebeba uzito wa vita katika ile hadithi njo Reiner Braun. Anayeitazama bado ajue: maelezo haya yanafika karibu na mwisho.

Hadithi ni ya Hajime Isayama, aliyezaliwa mwaka 1986 katika mkoa wa Oita, Japani. Ilitoka gazetini kila mwezi tangu Septemba 2009 mpaka Aprili 2021, ikajaza vitabu 34. Kwenye televisheni ilianza 2013, ikamalizika 2023. Watu wanaishi ndani ya kuta ndefu wakiogopa majitu yanayokula wanadamu. Reiner anaonekana kwanza kama askari mzuri wa ndani ya kuta: mwenye nguvu, mwenye huruma, kaka mkubwa wa wenzake. Kumbe yeye mwenyewe njo lile jitu lenye ngozi ya chuma lililobomoa mlango wa ukuta na kuleta kifo.

Alianzia wapi?

Reiner alizaliwa Marley, ngʼambo ya bahari, katika kartie ambamo watu wa kabila la mama yake wanafungiwa na kuvalishwa kitambaa mkononi ili wajulikane. Baba yake alikuwa wa kabila linalotawala, na hakutaka kumtambua. Mtoto akaambiwa: ukiwa mpiganaji, wewe na familia yako mtapewa heshima ya raia. Akawaza kwamba siku hiyo baba atarudi nyumbani. Akajiandikisha. Alipochaguliwa, alimwendea baba yake, na baba akamfukuza kwa matusi.

Hapo tayari kuna jambo la kuelewa. Mtoto hakwenda vitani juu ya chuki. Alikwenda kutafuta nafasi mezani. Chuki alifundishwa: kule kisiwani, aliambiwa, kunaishi mashetani tu.

Njiani rafiki yake Marcel alimsukuma pembeni, akaliwa na jitu pahali pake. Wenzake wawili, Annie na Bertholdt, walitaka kurudi. Reiner njo aliyewalazimisha kuendelea.

Watu wawili ndani ya mmoja

Baada ya kuvunja ukuta, wale watatu walijificha kati ya wakimbizi na kuingia katika jeshi la adui. Walilala chumba kimoja na wale waliotumwa kuwaangamiza, wakala sahani moja, wakacheka pamoja. Reiner hakuona mashetani. Aliona watu.

Hapo akili yake ikajigawa. Upande mmoja kuna mpiganaji wa Marley mwenye kazi ya kumaliza. Upande mwingine kuna askari wa kisiwa anayewapenda wenzake kwa kweli. Siku moja mwenzao Marco alisikia siri yao. Reiner na wawili wale wakamvua vifaa vyake na kumwacha jitu limkamate. Kisha Reiner akatoa machozi, akauliza kwa nini Marco analiwa. Hakuwa anaigiza. Ule upande wa pili haukujua mkono wake umefanya nini.

Mwishowe, juu ya ukuta, anamwambia Eren kwamba yeye njo lile jitu. Anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyechoka kubeba mzigo. Anaeleza kwamba walikuwa watoto, hawakujua kitu, na kwamba amekaa pale muda mrefu kupita kiasi.

Udhuru anaoukataa

Miaka inapita. Reiner amerudi Marley, anaitwa shujaa, lakini anatamani kufa. Jioni moja familia inamwomba awasimulie watoto habari za mashetani wa kisiwani. Anaanza kwa maneno makali. Halafu, bila kupenda, anamtaja mmoja aliyekula kiazi mbele ya mkubwa wa jeshi. Mezani wote wananyamaza. Gabi, binamu yake mdogo anayetaka kumfuata jeshini, anasikiliza.

Kisha Eren anamfikia. Hapa njo moyo wa hadithi. Eren anamwambia mlikuwa watoto, mlidanganywa, mngefanya nini? Ni mlango wa kutokea. Reiner anaukataa. Anapiga magoti na kusema kosa ni lake: alitaka kuwa shujaa, alitaka kuheshimiwa, njo sababu aliendelea hata Marcel alipokufa.

Kukua kwa Reiner si kutoka ubaya kwenda wema. Ni kutoka uongo kwenda ukweli. Kuanzia pale wale watu wawili wanaanza kuwa mmoja, na anaendelea kuishi ili awalinde wadogo kama Gabi.

Inahusu nini huku?

Congo ina neno lake kwa askari mtoto: kadogo, lililoenea wakati wa vita vya AFDL, 1996 na 1997. Mwaka 2009 nchi ilitoa sheria ya kulinda mtoto inayokataza kumwandikisha jeshini ao katika kundi lenye silaha. Mwaka 2012 mahakama ya La Haye ilimhukumu Thomas Lubanga kwa kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri.

Sheria inamtazama aliyemchukua mtoto, na ni haki. Lakini haisemi mama afanye nini kijana akirudi, akacheka na wadogo zake mchana, na usiku asilale. Mara nyingi nyumba ina majibu mawili tu: "wewe ni muuaji", ao "ulikuwa mtoto, sahau". La kwanza linamfukuza. La pili linaonekana la huruma, lakini linamziba mdomo.

Reiner hakusaidiwa na lolote kati ya hayo. Alihitaji mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza na udhuru.