Malipo Mawili ya Wiki Moja

Ukitaka kujua kama mtu kaingizwa kwenye mpango wa kukwepa kodi, usimwulize yeye. Mwombe taarifa ya benki. Mimi ni mhasibu hapa Leicester, Uingereza, na wateja wangu wengi ni watu wa kwetu: wauguzi kutoka Tanga na Kisumu wanaofanya zamu kupitia mawakala, walimu wa muda, vijana wa kompyuta wenye mikataba ya miezi sita sita. Mwisho wa kuwasilisha ritani ni Januari 31, kwa hiyo mwezi mzima huo nyumba yangu hujaa bahasha, na simu yangu hujaa picha za hati za mshahara zilizopigwa kwenye kiti cha basi.

Jicho langu huanzia benki. Kazi ni moja, wiki ni moja, lakini pesa zimeingia mara mbili. Ijumaa asubuhi zimeingia pauni 376 kutoka kampuni ileile iliyoandikwa kwenye hati ya mshahara. Baadaye kidogo, siku hiyohiyo, pauni 1,111 kutoka jina jingine kabisa. Nikiona hivyo huagiza chai kwanza, maana mazungumzo yatakuwa marefu.

Tarakimu hizo ni za kijana mmoja fundi wa mifumo ya kompyuta. Nimezisogeza kidogo ili asitambulike. Mwaka 2024 alipata kandarasi ya pauni 350 kwa siku, yaani 1,750 kwa wiki. Wakala akamwambia hawezi kumlipa moja kwa moja, achague kampuni ya mwavuli. Hizo ni kampuni zinazokaa katikati: zinakuajiri, zinapokea pesa kutoka kwa wakala, zinakata kodi na bima ya taifa, kisha zinakulipa kilichobaki. Nyingi ni za halali. Kwa kampuni halali angepeleka nyumbani karibu pauni 1,090 kwa wiki. Lakini rafiki yake wa kanisani alimtumia kwenye WhatsApp tangazo la kampuni nyingine iliyoahidi asilimia 85 ya malipo yote. (Rafiki huyo naye hupewa chochote kwa kila jina analoleta. Hilo watu hawalisemi.)

Asilimia 85 inapatikanaje katika nchi yenye kodi kama hii? Kampuni ile ilimlipa mshahara wa kima cha chini, pauni 11.44 kwa saa, ukakatwa kodi kama kawaida. Hiyo ndiyo 376 ya kwanza. Kiasi kikubwa kilichobaki kilizungushwa nje ya nchi, kikapita kwenye mfuko wa amana, kikamrudia kwa jina la mkopo. Mipango ya namna hii imekuwa ikitumia sana visiwa kama Isle of Man na Jersey. Kwa kuwa mkopo si kipato, wanasema, haukatwi kodi. Promota, yaani muuzaji wa mpango huo, naye akachukua asilimia 15, pauni 262 na nusu kila wiki.

Nilimwuliza: mdogo wangu, mkopo huu utaulipa lini? Akacheka. Kwetu ukikopa SACCO unatafuta wadhamini, na ukichelewa wadhamini ndio wa kwanza kukupigia. Mkopo wake yeye haukuwa na mdhamini wala ratiba, na aliambiwa kwa mdomo kwamba hakuna atakayeudai. Kila Ijumaa alikopeshwa jasho lake mwenyewe. Nikamwambia mamlaka ya kodi, HMRC, nayo inajua kucheka.

“Lakini dada, walinionyesha namba ya HMRC. Si wamewaidhinisha?” Swali hilo nimelisikia kwa watu wa kila elimu. Tangu 2004 sheria inawataka wabunifu wa mipango ya kodi waiarifu HMRC, na mpango ulioarifiwa hupewa namba. Mapromota waligeuza namba hiyo kuwa muhuri wa ubora. Kumbe ni sawa na namba ya jalada polisi: kuwa nayo maana yake ni kwamba unafahamika.

Hadithi hii haikuanza na vijana wa kwetu. Aprili 2000 Uingereza ilianzisha kanuni zinazojulikana kama IR35, za kuwabana watu wanaofanya kazi kama waajiriwa huku wakilipwa kupitia kampuni zao binafsi. Wafanyakazi wa mikataba waliingiwa na hofu, na penye hofu muuza kinga hakosekani. Mikopo ya aina hii ilikuwa tayari inatumiwa na wenye nazo. Klabu ya soka ya Rangers ya Glasgow iliwalipa wachezaji kupitia mifuko ya amana, na kesi yake ikafika Mahakama ya Juu. Julai 2017 majaji waliamua kwamba pesa zile zilikuwa malipo ya kazi, na kodi yake ilistahili kukatwa tangu zilipoingia kwenye mfuko wa amana. Kufikia hapo mpango ulikuwa umeshateremka kutoka kwa wachezaji wa mpira hadi kwa wahandisi, na kutoka kwa wahandisi hadi kwa walimu na wauguzi.

Serikali haikungoja mahakama imalize. Sheria iliyotangazwa 2016 na kupitishwa 2017 ilisema: mikopo yote ya namna hii iliyotolewa tangu Aprili 1999 na ambayo haijalipwa kufikia Aprili 5, 2019 itahesabiwa kuwa kipato cha siku hiyo. Fikiria mtu aliyekopeshwa pauni 30,000 kila mwaka kwa miaka minne. Ghafla ana kipato cha ziada cha 120,000 ndani ya mwaka mmoja, na viwango vya kodi vinapanda navyo hadi asilimia 40 na 45. HMRC yenyewe ilikadiria walioguswa kuwa watu 50,000. Wapo waliofilisika. HMRC imekiri kufahamu vifo 10 vya kujiua miongoni mwa waliokuwa wakidaiwa.

Kelele zilipozidi, serikali ilimteua Sir Amyas Morse aichunguze sheria hiyo. Desemba 2019 alipendekeza mikopo ya kabla ya Desemba 9, 2010 iachwe, na serikali ikakubali. Wadaiwa wakaruhusiwa pia kugawa kipato hicho katika miaka mitatu. Malalamiko hayakuisha, na 2025 ukaanzishwa uchunguzi mwingine chini ya Ray McCann.

Hapa nasema langu. HMRC ilizembea. Ilijua mipango hii mapema, ikaacha miaka ipite huku watu wakijaza ritani na kuamini kimya ni ridhaa. Na ukali ulipokuja uliangukia wenye majina kwenye ritani, kwa sababu wao wana nyumba na anwani, wakati kampuni ya promota ilishafungwa na kuzaliwa upya kwa jina jingine. Lakini siwezi kumdanganya mteja kwamba hoja hiyo inafuta deni. Kodi ya kipato chako ni yako, hata kama aliyepaswa kuikata hakuikata.

Turudi kwa kijana. Alikaa kwenye kampuni ile kwa wiki 60 hivi. Tukakokotoa. Ziada aliyoipata kuliko angelipwa kihalali ilikuwa karibu pauni 24,000. Kodi na bima inayodaiwa juu ya ile “mikopo” ni karibu 23,000, kabla ya riba na kabla hatujajua kama kuna faini. Yaani mchezo umekwenda sare na riba inahesabu. Kisha nikajumlisha makato ya promota kwa wiki hizo 60: pauni 15,750. Hizo HMRC haimpunguzii wala hazirudi. Alinyamaza, kisha akasema, “Dada, ile hela ipo Kigamboni. Nyumba imefika kwenye lenta.”

Kuna jambo jingine ambalo watu hushindwa kuliamini mpaka barua ifike. Makaratasi ya mkopo, hata kama yalikuwa danganya toto, ni makaratasi yenye sahihi yako. Baadhi ya wasimamizi wa mifuko ya visiwani waliuza madeni hayo, na wanunuzi wakawaandikia wafanyakazi wakitaka mkopo wote ulipwe. Mtu anadaiwa kodi kwa kuwa HMRC inasema haukuwa mkopo, na huku anadaiwa na mwingine kwa kuwa ulikuwa mkopo.

Usidhani mambo haya yameisha. Mwaka 2020, wastaafu wa afya walipoitwa warudi hospitalini wakati wa Korona, HMRC ililazimika kuwaonya kwamba mapromota wanawawinda. Mwaka 2021 kanuni za IR35 zilipokazwa katika sekta binafsi, watu wengi zaidi walisukumwa kwenye kampuni za mwavuli. Siku hizi neno mkopo wameliacha. Hati husema malipo ya awali, au gawio, au krediti. HMRC huchapisha orodha ya mipango inayoishuku, na ni vizuri kuitazama, ila kampuni kutokuwamo si cheti cha usafi. Kuanzia Aprili 2026 kodi isipokatwa na kampuni ya mwavuli, wakala aliyekupeleka huko naye anaweza kudaiwa. Ni hatua nzuri. Nadhani mawakala watakuwa wachaguzi zaidi sasa kwa kuwa mfuko wao wenyewe uko hatarini.

Kijana ameshaiacha kampuni ile, na barua ya kujitokeza wenyewe tumeiandika kabla hatujaandikiwa, kwa sababu anayetangulia kujitokeza hupata nafasi nzuri zaidi ya kujadiliana faini na kulipa kwa awamu. Kazi iliyobaki ni ya kukusanya: mkataba, hati zote 60 za mshahara, taarifa za benki, na ule ujumbe wa WhatsApp wenye ahadi ya asilimia 85. Huo nimemwambia aupige picha leoleo, kwa sababu simu ya ofisi ya kampuni tayari haipokelewi na rafiki wa kanisani ameanza kufuta jumbe zake.