Maumivu ya Mgongo kwa Wazee: Si Lazima Upasuaji

Katika sharika zetu wapo wazee walioacha kuja ibadani kwa sababu ya mgongo. Wakitembea kidogo, miguu inauma na kufa ganzi. Wakikaa au kuinama mbele, wanapata nafuu. Mara nyingi chanzo ni kupungua upana kwa mfereji wa uti wa mgongo, hata mishipa ya fahamu ikabanwa.

Familia nyingine hufikiria kuuza shamba kulipia upasuaji. Tunapenda ieleweke kuwa kwa wengi hiyo si hatua ya kwanza. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Pittsburgh, Marekani, kwa wagonjwa 259 wenye miaka 60 na zaidi. Waliotibiwa kwa mikono na wataalamu wa kairopraktiki na fiziotherapia, pamoja na mazoezi, walipata nafuu zaidi kwa muda mfupi. Baada ya miezi 6 hawakutofautiana na waliotumia dawa wala waliofanya mazoezi ya kikundi. Tiba ya mikono haipanui mfereji. Humsaidia mgonjwa atembee tena, naye lazima aendelee na mazoezi.

Tahadhari: mgongo usinyooshwe na asiyesomea kazi hiyo. Anayeshindwa kuzuia haja, au miguu ikilegea ghafla, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tunaziomba kamati za sharika ziwatambue wazee hawa na kuanzisha mazoezi ya pamoja kwa maelekezo ya mtaalamu. Wafadhili wetu, nauli ya kumfikisha mzee mmoja kwa fiziotherapia ni huduma kubwa.