Viatu vya mbio kwa bei nafuu: Usinunue jina, nunua soli

KIJANA wako amerudi nyumbani na habari njema: amechaguliwa kuingia timu ya riadha ya shule. Furaha haijapoa, anaongeza la pili: mwalimu amesema kila mkimbiaji aje na viatu vyake. Nawe karo hujamaliza kulipa na mwenye nyumba keshaanza kubisha hodi. Utafanyaje?

Hapa Eldoret hilo si jambo dogo. Kila alfajiri barabara zetu hujaa wakimbiaji, na si wachache wanaoamini kwamba miguu ndiyo itakayowatoa katika umaskini. Hawaoti ndoto za bure. Marehemu Kelvin Kiptum, mzaliwa wa Elgeyo Marakwet, alishiriki shindano lake kubwa la kwanza mwaka wa 2018 akiwa na viatu vya kuazima kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kununua vyake. Mnamo Oktoba 8, 2023, alivunja rekodi ya dunia ya marathoni jijini Chicago kwa saa 2 na sekunde 35.

Hata hivyo, usisome habari hizo ukadhani kwamba kiatu si kitu. Kiatu kisichomtosha mtoto, au kilichokwisha nguvu, kinaweza kumwachia malengelenge na maumivu ya muundi, goti au wayo. Mzazi aliyebana matumizi hujikuta akilipia matibabu.

Pesa zako zinanunua nini?

Kiatu cha mbio kina sehemu tatu: kitambaa cha juu, raba ngumu inayogusa ardhi, na kati yake sponji nene inayopunguza kishindo cha mguu. Sponji hiyo ndiyo roho ya kiatu. Imejaa vijitundu vya hewa, na kila hatua huvigandamiza. Vikishalala, kiatu kimekwisha hata kama juu kinang'aa.

Kwa kawaida wakimbiaji hushauriwa kubadilisha viatu baada ya kilomita kati ya 500 na 800. Hebu tupige hesabu. Mwanafunzi anayekimbia kilomita 8 kwa siku, siku 5 kwa juma, hutimiza kilomita 40. Kilomita 500 atazimaliza kwa majuma 12 na nusu. 800 kwa majuma 20.

Sasa tuseme muuzaji mmoja anataka shilingi 1,500 kwa jozi iliyobakiwa na mwezi mmoja, na mwingine anataka shilingi 3,000 kwa jozi itakayokwenda miezi minne. Ya kwanza inakugharimu shilingi 1,500 kwa mwezi, ya pili 750. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa rahisi ni ghali.

Pima mguu kabla ya kutoka nyumbani

Wazazi wengi hununua viatu mtoto akiwa shuleni, wakakisia. Usikisie. Mtoto akija likizo, msimamishe juu ya karatasi jioni, kisigino kikiwa kimegusa ukuta, kisha tia alama pale kidole kirefu kinapofika. Jioni ni bora kwa sababu mguu huwa umevimba kidogo baada ya shughuli za kutwa. Pima miguu yote miwili na ufuate ulio mrefu.

Namba za viatu huwachanganya wengi. Namba 8 ya Uingereza si 8 ya Marekani. Kwa viatu vya wanaume, kampuni nyingi huihesabu kuwa karibu 9 ya Marekani. Tazama kibandiko kilicho ndani ya ulimi wa kiatu. Aghalabu utakuta pia kipimo cha sentimita, ambacho unaweza kukilinganisha na karatasi yako. Kisha hakikisha mbele ya kidole kirefu panabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Na ule mtindo wa kununua namba mbili zaidi "ili akue navyo" uache. Mguu utateleza ndani, na malengelenge yatamrudisha nyumbani kabla hajakua.

Ukifika sokoni

Maduka ya Uganda Road yana viatu vipya, lakini familia nyingi hukimbilia mitumba. Wauzaji huwa na lugha yao: mali safi iliyochaguliwa kwanza kutoka kwenye robota huitwa kamera, na mabaki ya mwisho huitwa fagia. Isitoshe, mji huu una bahati ambayo miji mingi haina. Wanariadha wenye mikataba hupewa viatu na kampuni, na baadhi ya jozi hizo huishia mikononi mwa vijana, kwa zawadi au kwa kuuzwa. Kama una jamaa kambini Iten au Kaptagat, muulize kwanza.

Muuzaji atakwambia, "Mama, hii ni ya mwanariadha, haijakimbiwa hata mara mbili!" Msikilize kwa heshima, kisha kiulize kiatu chenyewe.

Kwanza, kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande mmoja, mwenyewe wa kwanza ameshakikunja kwa mwendo wake.

Pili, bonyeza sponji kwa kidole gumba. Inapasa ibonyee kidogo na kurudi. Ikiwa ngumu kama mbao, au ubavuni ina mikunjo mingi, iache.

Tatu, geuza utazame chini. Raba ikiwa imelika mpaka sponji inaonekana, murram zetu zitaimaliza siku chache.

Nne, kikunje. Kiatu cha mazoezi kinafaa kujikunja penye vidole, si katikati. Ukisikia mlio au ukiona gundi ikiachia, jihadhari. Zipo soli ambazo huoza kwa unyevu zikiwa zimewekwa tu, na zikapukutika siku ya kwanza barabarani.

Tano, linganisha vibandiko vya kulia na kushoto. Katika mitumba si ajabu kupewa jozi ya namba mbili tofauti.

Kuhusu vipya vya bei ya kutupa, kumbuka kuwa bandia ni nyingi. Mshono uliopindapinda, gundi iliyomwagika na kibandiko kisichoandika namba ileile iliyo kwenye kasha ni dalili za kutosha za kukufanya uondoke.

Usivyohitaji bado

Vijana wameona viatu vinene vyenye bamba la kaboni ndani, kama vile alivyovaa Eliud Kipchoge mjini Vienna Oktoba 12, 2019, alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hivyo ni vya siku ya shindano. Sponji yake ni nyepesi na huchoka mapema. Mwanafunzi asiye na jozi ya mazoezi havimfai. Viatu vya misumari navyo vingoje. Mwalimu atakwambia ni lini vitahitajika.

Huenda nyanya yake akauliza, mbona sisi tulikimbia pekupeku? Ana hoja. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Rome mwaka wa 1960 bila viatu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2010, uliowahusisha pia vijana wa Bonde la Ufa, ulionyesha kwamba waliozoea kukimbia pekupeku mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, ilhali waliozoea viatu hutua kwa kisigino. Kwa hivyo mtoto aliyekulia pekupeku asirukie kiatu kinene mara moja. Avizoee viatu kidogo kidogo, na jozi nyembamba ya bei ya chini huenda ikamtosha kwa kuanzia.

Vitunze vidumu

Vioshwe kwa mkono, maji baridi na sabuni kidogo. Visianikwe kando ya jiko, kwa maana joto huharibu gundi na sponji. Vijaze karatasi za gazeti hili ukishalisoma, ziwe zikinyonya maji. Mwambie kijana asivivalie matembezini. Kila kilomita ya kwenda dukani inatolewa kwenye zile 500.

Basi mzazi, uendapo sokoni beba karatasi yenye kipimo cha mguu, na kama kijana yupo, mpeleke akiwa na soksi zake za mazoezi. Mwache avivae vyote viwili, atembee na kuruka mbele ya kibanda. Akisema vinambana, amini miguu yake kuliko maneno ya muuzaji, na nenda kibanda cha pili.